Kishikio Kilichoacha Kuzunguka

Kitu cha kwanza alichokiona msichana kilikuwa kidogo tu: kile kishikio kilichokaa juu ya kamera, upande wa kushoto, cha kurudishia mkanda ndani ya kikopo chake picha zikiisha. Asubuhi ile, mpiga picha alipoweka filamu mpya na kuvuta mkono wa kusogezea mkanda mara ya kwanza, kishikio kilizunguka kidogo, kama mtu anayejigeuza usingizini. Akavuta tena, kikajigeuza tena. Sasa, katikati ya mvuke na makelele ya mashine, mpiga picha alikuwa anavuta na kupiga, anavuta na kupiga, na kishikio kimetulia tuli.

Msichana aliyesimama nyuma yake na begi la lenzi aliona. Akafungua mdomo. Akaufunga.

Ndivyo alivyokuwa. Shule ya msingi hakuimaliza, na hata alipokuwa anasoma, mwalimu alikuwa akiita jina lake mara tatu ndipo apate jibu la sauti ya mbu. Watu wakamwita Kimya, jina likamganda. Si kwamba hakuwa na maneno. Alikuwa nayo tele, ila yakifika kooni yalikuwa yanapanga foleni, na hakuna hata moja lililokubali kutangulia.

Mpiga picha mwenyewe aliitwa Jicho Moja, ingawa macho alikuwa nayo yote mawili. Alikuwa amefumba la kushoto miaka mingi mno nyuma ya kamera, likazoea. Hata akinywa chai alifumba. Hakupiga harusi, wala picha za vitambulisho. Alipiga watu wakiwa kazini: wachomeleaji, wafuma mazulia, akina mama wanaofagia masoko kabla hakujakucha. "Harusini kila mtu anajua kucheka," alizoea kusema. "Mimi namtaka mtu akiwa amesahau kama ana uso."

Kazi ya Kimya ilikuwa kubeba lenzi, kuzifuta, na kumpa ile anayoitaka kabla hajageuka kuiomba. Zilikuwa tatu. Fupi, ambayo inaona pana kama mlango uliofunguliwa wote, na ukitaka uso wa mtu ujae ndani yake sharti umsogelee mpaka usikie anavyopumua. Ya kati, inayoona kama binadamu anavyoona. Na ndefu, inayomvuta mtu wa ng'ambo ya barabara akaja mpaka puani pako bila mwenyewe kujua. Jicho Moja aliidharau ile ndefu. "Hiyo ni lenzi ya mwizi," alisema, "ya kuchungulia vyungu vya jirani." Kimya aliendelea kuifuta, lakini moyoni ndiyo aliyoipenda. Kwa lenzi ile ungeweza kumtazama mtu siku nzima na asikuulize unatazama nini.

Siku hiyo ile ndefu haikuwa na kazi, kwa sababu walikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na humo hukuona hatua kumi mbele yako kwa mvuke. Walikuja mapema makusudi. Kimya alizipanga lenzi kwenye rafu, kando ya mashuka yaliyokunjwa yakiwa bado ya moto, zizoee joto. Lenzi ikitoka kwenye baridi ikaingia kwenye mvuke bila kupumzishwa, inafunga ukungu kama mwenye miwani aliyechungulia sufuria. Kuhusu filamu, Jicho Moja alichagua ile ya kasi, nyeusi na nyeupe, inayovumilia mwanga hafifu. "Itatoa chenga chenga kama mchanga," alisema, "lakini humu ndani hata hewa ina chenga."

Hapakuwa na nafasi ya kurudi siku nyingine. Hospitali ilikuwa imeamua mashuka yakafuliwe kiwandani. Boila ingezimwa siku hiyo hiyo saa sita mchana, na kesho yake mafundi wangekuja kung'oa pasi kubwa ya mvuke, ile yenye mdomo wa juu na mdomo wa chini, iliyokuwa inaguna kila ikifungwa. Na aliyekuwa anaifunga na kuifungua pasi hiyo, tangu Kimya akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, alikuwa mama yake.

Mama yake hakuwa na picha. Ile ya kitambulisho ilikuwapo, lakini mwenyewe aliikana. "Huyo si mimi, huyo ni mwizi wa kuku aliyekamatwa." Alikuwa na pengo mbele, jino la juu, na kila akitaka kucheka mkono ulitangulia mdomoni.

Baba naye alikuwa na picha moja tu. Alikufa Kimya akiwa mdogo, na picha ile ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Wiki ile ya msiba, mama, kwa kuwa mikono yake haikujua kazi nyingine ya kuitulizia, alifua kila kitu kilichokuwa ndani ya nyumba. Karatasi ilitoka mfukoni nyeupe pe. Alikuwa ameitunza hadi leo, katika mkebe wa sindano na vifungo: karatasi nyeupe isiyokuwa na mtu. Na kila mara alipomtaja marehemu alimalizia kwa kumuuliza binti yake, "Unakumbuka babako alivyokuwa?" Kimya huitikia kwa kichwa. Huitikia haraka, asije akaulizwa zaidi. Ukweli ni kwamba akifumba macho kumtafuta baba yake, huona shati tu, na juu ya kola ya shati haoni kitu.

Kwa hiyo, aliposikia Jicho Moja anatafuta mahali watu wanapofua kwa mvuke, alikuwa amesema maneno matatu, mengi kwa kipimo chake: "Kazini kwa mama."

Basi kicheko cha mama siku ile kilitokea hivi. Nyapara wa chumba kile, mwanamke mrefu mwenye sauti kavu iliyonyooka kama rula ya seremala, alikuwa amejifunga kilemba cha kitambaa cha kung'aa kwa ajili ya kamera. Alisogea karibu na pasi, mkono kiunoni, akasema, "Haya, nipige nikiwa nasimamia." Pale pale bomba likakohoa mvuke, kilemba kikafunguka, kikaruka, kikatua kwenye mdomo wa chini wa pasi. Mama Pacha, rafiki wa mama wa miaka yote, alipiga ukelele. Lakini mkono wa mama ulikuwa umezoea: kitambaa kimekuja, unafunga. Akafunga. Pasi ikaguna. Alipofungua, kilemba kilikuwa bapa kama karatasi ya hesabu.

Nyapara alikitazama. Akakichukua kwa ncha za vidole. Kisha, bila hata kutabasamu, akakiweka kichwani kikiwa vile vile, kimekakamaa, kimetokeza pande mbili kama bati la paa.

"Endeleeni na kazi," akasema.

Mama alicheka. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye mpini wa pasi, na kwa mara ya kwanza hakuna hata mmoja uliokwenda mdomoni. Alirudisha kichwa nyuma, pengo nje, machozi nje, akicheka mpaka akaegemea mashine. Jicho Moja alikuwa na lenzi fupi. Aliruka mbele, akapiga, akavuta, akapiga tena, karibu kabisa, mvuke ukimzunguka.

Na hapo ndipo Kimya alipotazama kile kishikio.

Alijiambia labda amekosea. Alijiambia labda kilikuwa kinazunguka na mvuke ulikuwa unamficha. Jicho Moja ndiye aliyemfundisha mwenyewe: ukivuta na kishikio kikazunguka, mkanda umeshika na unatembea, kisipozunguka, ujue unapiga hewa. Je, amwambie? Katikati ya kazi? Mbele ya watu wote hawa? Alikuwa bado anayapanga maneno foleni wakati Jicho Moja aliposhusha kamera aone amebakiza picha ngapi. Akavuta, naye akaona. Akashika kishikio kwa vidole viwili, akakirudisha nyuma taratibu ili asikie kama mkanda unamvuta. Kishikio kikazunguka chepesi, kama anageuza upepo.

Uso ulimporomoka.

"Haujashika," alisema.

"Nini hakijashika?" Mama Pacha aliuliza.

"Mkanda. Nimepiga hewa, dada yangu. Tangu asubuhi napiga hewa."

"Kumbe umetwanga maji kwenye kinu! Na kilemba cha watu kimekufa bure!"

"Kimekufa shahidi," mama akasema, akijifuta machozi, na wanawake wakaangua tena. Nyapara aliwatupia jicho, bati likayumba kichwani.

Jicho Moja hakucheka. Kamera yake ya pili ilikuwa kwa fundi. Alimgeukia mtu wa boila, ambaye alikuwa tayari ameshika gurudumu la vali. "Kaka, niongezee kidogo. Nafungua, naweka mkanda mwingine, mama huyu anacheka tena, nakwenda zangu."

"Nicheke tena?" mama alisema. "Kicheko si maji ya bomba, kaka yangu, useme unafungua na kufunga."

"Basi hata usipocheka. Nipate pasi, nipate mvuke, nikupate wewe kwenye mpini. Kitu, kuliko kutoka mikono mitupu." Akaweka ukucha chini ya kitasa cha mgongo wa kamera.

Hapo Kimya aliona jambo lote kwa mara moja. Kama mkanda haukushika, kufungua hakudhuru kitu. Lakini kama ulishika, basi mama yake alikuwa mle ndani, amerudisha kichwa nyuma, anacheka, na mwanga wa dirisha ukimwingilia ungemfua kama sabuni ilivyomfua baba. Angebaki mweupe pe.

"Usifungue!"

Hakujua kama ile ilikuwa sauti yake. Mkono wake ulikuwa juu ya kamera, umeibana pamoja na vidole vya Jicho Moja. Wanawake wote waligeuka. Hata mtu wa boila aliachia gurudumu.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," Mama Pacha alinong'ona. "Wahenga hawakukosea."

Jicho Moja alimtazama msichana. Jicho lake la kushoto lilifumbuka, taratibu, kama dirisha la nyumba ya watu waliosafiri.

"Sema," akamwambia.

"Kilizunguka. Mwanzo. Ulipoweka mkanda ulivuta, kikazunguka. Ukavuta tena, kikazunguka."

"Ulikiona?"

"Nilikiona."

"Kikaacha lini? Kabla ya kilemba au baada?"

Kimya alitafuta. "Sijui."

"Unaona sasa. Mkanda unaweza kushika, halafu ukachanika vitundu vyake vya pembeni, ukabaki pale pale. Ukichanika kabla ya kilemba, hatuna kitu. Tukingoja, boila inazimwa, na kesho hapa ni ukuta mtupu. Unanielewa?"

Aliitikia kwa kichwa.

"Na bado unasema nisifungue?"

Aliitikia tena kwa kichwa; kisha akaona kichwa hakitoshi. "Usifungue. Tuifungue gizani."

Mpiga picha alimtazama mama. Mama alikuwa anamtazama binti yake kama mtu aliyekuta chumba kipya ndani ya nyumba aliyoishi siku zote.

"Mwache," mama alisema. "Mtoto huyu hajawahi kuniomba hata kiatu."

Jicho Moja alitoa ukucha kwenye kitasa. Mtu wa boila akafunga vali. Mvuke ulipungua, ukawa uzi, ukaisha, na pasi kubwa ikatoa mguno wa mwisho ikiwa wazi, kama mzee aliyepitiwa na usingizi katikati ya mazungumzo.

Njia nzima ya kurudi mpiga picha aliibeba kamera ndani ya koti, kifuani, kama kifaranga. Hakumlaumu Kimya, jambo lililomfanya Kimya atamani alaumiwe. Mara moja tu alisema, kama anajisemea, "Angalau pasi ningeipata." Kimya alihamisha begi bega la pili. Kama mle ndani hamna kitu, basi yeye ndiye aliyewanyima hata kile kidogo.

Chumba cha giza kilikuwa stoo nyuma ya nyumba ya Jicho Moja, kimezibwa nyufa zote kwa vitambaa vyeusi. Walipofika mlangoni akampa kamera.

"Ingia wewe."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyesema upo. Nenda ukauone kwa vidole. Mimi kwa haraka niliyo nayo nitaharibu."

Alijifungia ndani. Giza lilikuwa la kukata kwa kisu, na humo Kimya alijisikia vizuri kuliko mahali popote. Gizani hakuna anayekutazama.

"Niambie!" Jicho Moja aliita kupitia mlango.

"Sijafungua bado. Tulia."

Nyayo za Jicho Moja zikasimama huko nje. Hakuwahi kuambiwa atulie na msichana huyu.

Kimya alivuta kitasa, mgongo wa kamera ukaachia. Kwanza aligusa kushoto: kikopo. Vidole vikatambaa kwenda kulia na kukuta kitu laini kimetandazwa, kimekazwa, vitundu vyake vizima, kimoja baada ya kingine kama mshono wa cherehani. Akaufuata mkanda pole pole mpaka kwenye kigurudumu cha upande wa pili, kile kinachopokea. Alipokigusa, alikizunguka kwa vidole mara mbili.

"Upo!"

"Upo kiasi gani?"

"Umejaa! Kigurudumu kimenenepa! Kimenenepa kama rili ya uzi mpya!"

Alisikia kishindo. Jicho Moja alikuwa amekaa chini, pale pale nje, na alikuwa anacheka peke yake kama mwendawazimu. "Kimenenepa!" alirudia. "Kimenenepa, jamani!" Kimya naye alicheka, gizani, kwa sauti, na hakuna aliyemwona.

Baadaye, mkanda ukiwa salama kwenye kopo la dawa lisilopitisha mwanga, waliwasha taa na kukipata kiini cha mambo. Ndani ya kamera, pale kishikio kinapoingia kwenye kikopo, kuna kiuma kidogo chenye meno mawili. Kilikuwa kimevunjika, kipande chake kilikuwa kimelala chini ya kikopo, chembamba kama ukucha wa mtoto. Mkanda ulitembea siku nzima kama kawaida. Kishikio ndicho kilichoachwa nyuma, hakijui kinachoendelea.

"Sasa mimi nilikiamini hiki," Jicho Moja alisema, akikigeuza kipande kiganjani. "Haya. Dunia ndiyo hivyo." Akakitia mfukoni. Kisha akasema jambo la kikazi tu, lakini Kimya alilihifadhi: "Dawa uikoroge wewe. Iache zaidi ya kawaida, filamu hii tuliilazimisha kuona gizani."

Walipoutundika mkanda ukauke, ukitiririka maji kama shuka lililotoka kukamuliwa, Kimya aliutafuta uso mmoja. Aliupata katikati. Kwenye mkanda kila kitu huwa kinyume: mvuke ulikuwa mweusi, nywele nyeupe, meno ya mama meusi tititi, na katikati yake pengo moja linang'aa kama taa.

Kesho yake jioni alifika nyumbani na bahasha. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono mapajani, siku yake ya kwanza bila pasi, haijui iende wapi. Kimya alimpa picha, akabaki amesimama mlangoni, umbali wa lenzi ndefu.

Mama aliitazama. Mkono ukapanda mdomoni, kwa mazoea. "Mungu wangu, hilo pengo! Si lango la ng'ombe hili!" Lakini hakuiweka chini. Aliinamisha, akaisogeza dirishani, akakigusa kile kilemba kilichosimama nyuma yake kwenye mvuke, mabega yakaanza kumtikisika. Mkono ukashuka wenyewe.

"Kumbe ndivyo ninavyocheka," alisema.

Aliinuka, akautoa mkebe wa sindano, akaiweka picha ndani yake, juu ya ile karatasi nyeupe. Kisha akaziangalia zote mbili.

"Babako angeiona hii, angecheka mpaka akae chini. Unakumbuka alivyokuwa anacheka?"

Kichwa cha Kimya kilianza kuitikia chenyewe. Akakizuia. Alitoka mlangoni, akaja akakaa mkekani, karibu, umbali wa lenzi fupi, mpaka akasikia mama anavyopumua.

"Sikumbuki, mama."

Mama aligeuka. "Kicheko?"

"Hata uso. Huwa naitikia tu."

Mama aliitazama ile karatasi nyeupe. Kisha alishusha pumzi ndefu, ndefu, kama ile pasi ilipofungwa vali.

"Miaka yote," alisema, "nilikuwa nakuuliza nione kama kuna mtu mwingine anayemkumbuka, nisije nikawa nimemfua kila mahali." Akanyoosha mkono, akalishika sikio la binti yake, akalivuta kidogo. "Hata masikio humkumbuki?"

"Hata masikio."

"Basi yalikuwa makubwa, na ndiyo haya uliyovaa. Tukimaliza haya nitakusimulia pua. Na ule ukelele wako wa jana mbele ya nyapara wangu, ulikuwa wa nini?"

Safari hii maneno hayakupanga foleni.

"Nilikuwa naogopa utageuka karatasi nyeupe," Kimya alisema. "Wewe sitaki kukusahau, mama."